PTO ya MF 135 yasimama ndani ya tope, injini yanguruma. Tatizo liko wapi?

#1 Mwana wa Konde
Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nina trekta, Massey Ferguson (MF) 135, aliloliacha baba. Umri wake siujui, mie nimezaliwa nimelikuta. Nnalimia bonde huku Pemba, upande wa Ole, la kwetu na la majirani wanaokodi. Kwa plau halina neno, tabu yake ni kuburuga, yaani kukoroga tope la mpunga. Nikifunga rotaveta, ile mashine ya visu vya kuzunguka, nikaanza pakavu, pitio (PTO, shafti ya nyuma ya trekta inayoizungusha) inazunguka vizuri tu. Nikifika pale tope lilipo magotini, baada ya dakika kumi hivi rotaveta inasimama. Injini haizimi wala haipungui sauti, ndo kwanza yanguruma kama mtu alotuliwa mzigo. Nikilipumzisha muda wa kusali na kunywa chai, nikirudi inazunguka tena, kisha yale yale.

Bolti ya shafti haijakatika. Krosi, vile viungo vya kupinda vya shafti, nimezitikisa, sikuona kitu. Nyuma pale shafti inapotokea panavuja mafuta, kidogo kidogo, kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Fundi wa kwanza kanambia klachi. Wa pili kanambia gia za ndani. Wa tatu hata hakuja kutazama, kanambia kwa simu niuze. Na masika hiyo yapiga hodi. Nifanye nini?

#2 Mbara wa Mbarali
Pole mkuu. Kwanza angalia saa ya mizunguko ya injini. PTO hiyo ni ya 540, kwa hiyo injini iweke 540, usizidishe. Wengi mnakanyaga mafuta mpaka mnaharibu vyombo.

#3 Kigingi
#2 utamuulia mwenzio trekta. 540 ni mizunguko ya shafti ya nyuma kwa dakika, siyo ya injini. Injini ya dizeli ukiishusha mpaka 540 itatetema kisha izime. Kwenye matrekta mengi ya zamani shafti inafika 540 injini ikiwa baina ya 1500 na 1900, inategemea aina. Kwenye saa, ile ambayo kwenye haya ya zamani aghlabu haifanyi kazi, pana alama imewekwa makusudi.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme alama yako iko kwenye 1700. Ukiendesha kwa 1000 ili kubana mafuta, shafti inapata 318 hivi. Visu vya rotaveta badala ya kukata vinakokota tope. Mzigo unazidi, na kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachosalimu amri.

Mwana wa Konde, unaburuga kwa mwendo gani?

#4 Mwana wa Konde
Saa yake ilikufa tangu zama za baba. Nnakwenda kwa sikio.

#5 Mbara wa Mbarali
Nimekubali kosa, Kigingi. Ahsante.

#6 Fundi Mlango Chuma
Sikio lako limezeeka pamoja na trekta.

Sasa sikiliza. MF 135 nyingi zina klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga pedali mpaka nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO na pampu ya haidroliki zinaendelea. Ukikanyaga mpaka chini kabisa, na hizo zinasimama. Ndani mna pleti mbili: moja ya mwendo, moja ya PTO. Ile ya PTO ikilika au ikipata mafuta, trekta litatembea kama kawaida na plau litavuta, ila PTO itateleza mzigo ukizidi. Ikipata joto ndo inateleza zaidi, ikipoa inashika tena. Habari yako ni hiyo hiyo, neno kwa neno.

Kipimo cha bure: pampu ya haidroliki inakula kwenye njia ile ile ya klachi ya PTO. Rotaveta ikisimama, usikanyage chochote, vuta mkono wa haidroliki uone kama mikono ya nyuma inanyanyua. Ikinyanyua kwa nguvu zake zote, pleti ni nzima, tafuta ugonjwa mbele ya safari. Ikisita, andaa pesa, maana pleti haibadilishwi bila ya kulikata trekta kiuno, yaani kutenganisha injini na giaboksi.

Pedali yako ina hatua mbili? Maana zipo 135 zilizotoka na klachi moja tu.

#7 Mwana wa Konde
Ipo. Katikati pana kigugumizi, kisha ndo inakwenda chini.

#8 Kijana wa Cheju
Fundi, nakuheshimu lakini umemkata mtu kiuno kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.

Yakhe, rotaveta yenyewe ina klachi? Tazama pale shafti inapoungana na giaboksi ya rotaveta. Kama pana visahani vimebanwa na springi za kuzunguka, hiyo ni klachi ya kuteleza. Kazi yake ni kuteleza kisu kikigonga jiwe au kisiki, ili usivunje gia. Springi zikilegea inateleza hata kwa tope.

Mie imenipata bondeni Cheju mwaka juzi. Nimehangaika siku nne, nimelaumu trekta, nimemlaumu aliyeniuzia, kumbe springi mbili zimevunjika na mie nimezikalia nyuma yangu.

#9 Mwana wa Konde
Ipo kitu hicho! Bolti nane zenye springi, zimeshika kutu zimekuwa rangi ya karafuu kavu. Mie nikidhani ni pambo. Rotaveta hii nimeinunua mkononi kwa mtu Unguja, imevuka na boti mpaka Mkoani. Haikuwa na kitabu.

#10 Kijana wa Cheju
Basi chukua chaki. Zima injini, toa ufunguo, futa visahani viwe vikavu, kisha piga mstari mmoja ulonyooka juu ya visahani vyote, kutoka upande wa shafti mpaka upande wa giaboksi. Nenda kaburuge. Ikisimama, zima, shuka, tazama. Mstari ukiwa umekatika vipande, klachi ya rotaveta imeteleza. Ukiwa mzima, niombe radhi mimi na umlipe Fundi.

#11 Bluu Daima
Haya ndo matokeo ya kupenda rangi nyekundu ya Massey. Njooni Ford.

#12 Kigingi
Ford yako ile ambayo PTO ukiizima inaendelea kuzunguka yenyewe kama feni ya msikitini?

#13 Bluu Daima
😂 Ile ni asubuhi tu, mafuta yakiwa mazito. Klachi yake ni visahani vinavyooga kwenye mafuta na kubanwa kwa presha, sasa mafuta yakiwa ya baridi visahani vinaburuzana kidogo. Ikipata moto inatulia. Nakiri na breki yake imechoka.

#14 Nahodha Mstaafu
Vijana mmesahau kitu kimoja: huyu analima majini.

Chini ya tumbo la trekta, pale injini inapokutana na giaboksi, pana tundu dogo limetiwa pini ya kupinda. Pini ile imeachwa ilegee makusudi, ikitikisika inalitoboa tundu lisizibe. Kazi ya tundu ni kutoa mafuta ikiwa sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya injini au ya giaboksi imeanza kuvuja, yasijae kwenye klachi. Wengi huitoa pini wakaitupa, au tope linajaza tundu likakauka kama saruji. Hapo mafuta yakivuja hayana pa kutokea, pleti zinaoga. Na ukiingia maji marefu, maji nayo yana njia.

Lala chini ya trekta, injini imezimwa, uchokoe tundu hilo. Yakitoka mafuta, fundi yuko sahihi kuwa ni klachi, lakini ukibadilisha pleti bila ya sili utarudi hapa baada ya msimu mmoja. Yakitoka maji, huenda kukausha kunatosha.

#15 Mwalimu wa Zamani
Naona kila mtu ana jina lake: PTO, pitio, na huku kwetu kusini wazee waliita "mkia". Mimi naipenda "pitio". Wengine watasema ni herufi tatu za kizungu zimeharibiwa, lakini neno limejikuta lina maana yake: ni mahali nguvu inapopita. Injini inaitoa, shafti inaipitisha, mashine ya nyuma inaipokea.

Kwa faida ya vijana: zamani mashine ya shamba ilizungushwa na gurudumu lake lenyewe likikokotwa ardhini. Ardhi ikiwa tope gurudumu linateleza, mashine inasimama. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza kwa wingi trekta lenye shafti ya kutoa nguvu nyuma, lile la 8-16, mwaka 1918. Miaka ya 1920 wahandisi wa kilimo wa huko wakakubaliana mwendo wa 540 ili mashine ya kampuni moja ifanye kazi kwenye trekta la nyingine. Ndiyo maana rotaveta ya Mwana wa Konde, iliyotoka sijui wapi, imeingia kwenye trekta la baba yake bila ya kuuliza ukoo.

Na hilo 135, kijana, ni la miaka ya 1950. Umri wa babu.

#16 Kigingi
Mwalimu, hapo mwisho umeteleza kuliko pleti. Ya miaka ya 1950 ni MF 35. 135 imeingia sokoni mwisho wa 1964, mwaka wa Mapinduzi, na Uingereza waliendelea kuitengeneza mpaka 1975.

#17 Mwalimu wa Zamani
Nimepokea. Chaki nnampa Kijana wa Cheju, ameonesha anaijua kazi yake.

#18 Fundi Mlango Chuma
Habari ya kuingia bila kuuliza ukoo si kila mara. Shafti ya 540 ina meno sita, unene wa inchi moja na tatu ya nane, yaani milimita 35. Ile ya 1000 ina meno 21 kwa unene huo huo, na matrekta makubwa yana meno 20 shafti nene zaidi. Zile Ferguson za kijivu za kale, TE20, zina meno sita lakini shafti nyembamba, inchi moja na moja ya nane. Mtu akiwa nayo lazima atie kiungo cha kuongezea unene. Nimeona mtu kajaza vipande vya kopo la maziwa ili ikaze. Ilikaza mpaka ilipokula meno yote.

#19 Mama Mpunga
Nnasoma kimya siku zote, leo nasema.

Fundi mnazungumza meno na springi, hakuna aliyemuuliza huyu kijana kama shafti yake ina kava. Sie tulikuwa tunapura mpunga kwa mashine inayoendeshwa na trekta. Kava ya plastiki ilikuwa inapiga kelele, dereva akaikata kwa msumeno akaitupa kwenye majani. Mie nimejifunga kanga kiunoni, nimeinama kukusanya magunia, hata karibu sikuwa, hatua moja kamili. Upepo ukaipeperusha ncha.

Sikusikia uchungu. Nilisikia kama mtu mzima amenivuta kwa hasira. Kanga ikafunguka ikaenda yote, nikabaki na gauni, nimekaa kitako juu ya makapi. Kama nilikuwa nimeifunga fundo ningekuwa sipo. Dereva alipozima, kanga ilikuwa imejiviringisha kwenye uma wa krosi, imekaza kama ukambaa ulosukwa, panga ilishindwa tukaikata kwa kisu cha pweza, uzi kwa uzi.

540 kwa dakika ni mara tisa kwa sekunde. Nimekuja kuhesabu baadaye na mwanangu wa skuli: uma ule ukiwa na upana wa sentimita 10, unakula karibu mita 3 za nguo kila sekunde. Kanga upana wake hata mita mbili haufiki.

#20 Kijana wa Cheju
Subhanallah. Pole bibi.

#21 Bluu Daima
Pole sana mama. Lakini niulize, kanga ilikuwa na jina gani?

#22 Mama Mpunga
Kipande kilichobaki kilisomeka "…SIONDOKI". Nnacho mpaka leo, nafutia sufuria.

#23 Mwana wa Konde
Mama umenitia hofu. Kava nnayo, imepasuka upande mmoja, na kile kimnyororo chake cha kuizuia isizunguke hakipo. Nitaifunga. Vikoi nimeviacha nyumbani tangu niliposoma.

Sasa matokeo. Jana nimeingia bondeni nikamsimamisha mtoto wa dada yangu mbali, atazame rotaveta ikisimama shafti inazunguka au haizunguki. Kama inazunguka, ugonjwa uko rotaveta. Kama haizunguki, uko kwenye trekta. Rahisi. Kasimama pale dakika 20, rotaveta ikasimama, nikamuuliza. Kasema haizunguki. Nikafurahi nikadhani nimepata jibu.

Kumbe alikuwa anatazama kava. Kava haizunguki hata siku moja!

#24 Kigingi
😂😂😂 Na mnyororo haupo? Basi hiyo kava haizunguki kwa sababu imenata kwa tope. Siku ikikauka itazunguka na shafti, hapo Mama Mpunga arudie hadithi.

#25 Mwana wa Konde
Subirini sijamaliza. Chaki: mstari umekatika. Lakini si vipande vipande, umesogea kama upana wa kidole. Na harufu ilikuwepo, kama breki za gari inayoteremka na mzigo, sikujua yatoka mbele au nyuma.

Haidroliki: rotaveta iliposimama nilivuta mkono. Imenyanyua, ila polepole, kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Kwa kawaida yake ni hodari zaidi.

Tundu la chini: pini haipo. Nimechokoa kwa waya, limetoka tope, kisha matone ya kitu cheusi. Nimeonja kwa kidole, ni mafuta.

Basi ni nani kashinda?

#26 Fundi Mlango Chuma
Mimi. Haidroliki imesita, mafuta yako kwenye nyumba ya klachi. Unataka ushahidi gani mwengine, cheti?

#27 Kijana wa Cheju
Upana wa kidole kwa muda ule ni kuteleza, Fundi, usiruke hapo. Mstari umekatika. Klachi ya rotaveta imeteleza.

#28 Fundi Mlango Chuma
Ingekuwa yenyewe ndo inayosimamisha rotaveta, ingezunguka mara mia ndani ya dakika moja, si kidole. Kidole ni kuguswa na kisiki.

#29 Kijana wa Cheju
Na wewe wajuaje kuwa haikuzunguka mara mia ikaja kusimama pale karibu na ilipoanzia? Chaki haihesabu.

#30 Mwalimu wa Zamani
Hoja nzuri hiyo. Mpige mistari miwili ya rangi mbali mbali na ukingo wa kisahani upake rangi ya mafuta. Ikiteleza sana rangi itaungua.

#31 Mbara wa Mbarali
Jamani mimi sina ugomvi na mtu, ila haidroliki kusita haithibitishi pleti. Anavujisha mafuta nyuma kwenye PTO, na kwenye MF 135 mafuta ya giaboksi, difu na haidroliki ni dimbwi moja. Yakipungua, pampu inavuta povu. Huku kwetu analima mtu majini msimu mzima, ukifungua mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa. Sili inayotoa mafuta nje inaingiza maji ndani. Mkuu, mafuta yana rangi gani?

#32 Mwana wa Konde
Nimetazama sasa hivi kwa tochi. Si chai ya maziwa. Ni kama chai ya rangi iliyoingia maziwa kijiko kimoja.

#33 Kigingi
Hilo ndilo jibu la Kipemba: ni ndiyo na siyo.

#34 Mwana wa Konde
Nyie wa mjini mkitaka karafuu hamtutanii hivo.

#35 Fundi Mlango Chuma
Haya, sili uitengeneze kwanza, hiyo haina mjadala. Si kazi kubwa lakini watu huiharibu. Mwaga mafuta yote, hayo ni ya kutupa. Safisha nyuma kwa dizeli na brashi, maana mchanga wa bonde ukiingia ndani ni msasa. Fungua bolti za kile kifuniko cha PTO, shafti itatoka pamoja nacho. Ivute nyoofu, usiitikise juu chini. Ndani kuna sili ya mdomo na oringi (mpira wa duara) ya kifuniko. Badilisha zote mbili, ukibadilisha moja utavuja na nyingine.

Tazama pale mdomo wa sili unapokaa kwenye shafti. Ukipitisha ukucha ukakwama, pana mfereji, sili mpya haitadumu. Na beringi izungushe kwa mkono: ikisema kitu, itoe.

Wakati wa kurudisha, viringa utepe wa umeme au nailoni nyembamba juu ya meno ya shafti kisha upake grisi. Meno yale ni makali, sili inakatwa kabla haijafanya kazi siku moja, halafu mtu anasema spea za siku hizi hazifai.

#36 Nahodha Mstaafu
Na kile kikofia cha shafti kirudishe ukimaliza kazi. Huku kwetu hewa ni ya chumvi. Shafti iliyolala wazi toka vuli mpaka masika inaota kutu, kutu ndiyo inayokula mdomo wa sili. Paka grisi, funika. Mie kofia ilipotea nikafunga kopo la rangi kwa mpira.

#37 Kijana wa Cheju
Kwa klachi ya rotaveta pia ni chumvi hiyo hiyo, ila kwa namna mbili. Ikikaa bila kazi visahani vinashikana kwa kutu, haitelezi kabisa, ukigonga jiwe unavunja gia au krosi. Ikianza kuachia inaachia vibaya. Kila kabla ya msimu legeza bolti zote nane, iteleze kidogo kwa makusudi ing'ae, kisha kaza sawa sawa, springi zote urefu mmoja, upime kwa rula. Usikaze mpaka springi zigusane, hapo umeigeuza kuwa chuma kimoja.

Na tafadhali usipitishe grisi pale. Kuna mtu aliona visahani vina kutu akaviogesha grisi kwa upendo. Mtu huyo ni kaka yangu.

#38 Bluu Daima
Swali la kijinga: rotaveta ina upana gani?

#39 Mwana wa Konde
Nimepima kwa futi kamba. Mita moja na sentimita 80.

#40 Bluu Daima
Si nilijua! Injini ya 135 ni farasi 45 hivi ikiwa mpya kabisa, na zinazofika kwenye shafti ni chini ya hapo. Lako lina miaka hamsini na ushei, farasi wengine wameshakufa. Mita 1.8 kwenye tope la magoti ni chombo cha trekta kubwa. Ningekuwa wewe ningetoa visu vya pembeni, au nipite mara mbili juu juu badala ya kuzamisha mara moja. Klachi zenu zote mbili huenda ni nzima, zinaomba dua tu.

#41 Kigingi
Leo Ford imesema kweli, tuandike tarehe.

Nyongeza: visu tazama vimefungwa upande gani. Vile vya umbo la herufi L vina makali upande mmoja. Vikifungwa kinyume vinapiga tope kwa mgongo, mzigo unaongezeka sana na kazi haionekani. Rotaveta za mkononi nyingi nimekuta zimechanganywa kushoto kulia.

#42 Mwana wa Konde
Subiri niende na tochi.

#43 Mwana wa Konde
Visu sita vimegeuka.

#44 Mama Mpunga
Kati ya vingapi?

#45 Mwana wa Konde
36.

#46 Fundi Mlango Chuma
Sita kati ya 36 havisimamishi kitu. Pleti.

#47 Nahodha Mstaafu
Sita, na upana, na tope, na springi, na mafuta kwenye pleti. Mtumbwi hauzamishwi na tundu moja.

#48 Kijana wa Cheju
Nahodha hataki ugomvi na mtu, kesho atagombea.

Yakhe, anza na kilicho rahisi: geuza visu, safisha klachi ya rotaveta, badilisha sili na mafuta, tia pini mpya kwenye tundu. Krosi zitie grisi kila siku ya kazi, na tazama uma mbili za shafti zimeelekeana. Zikipishana shafti inapiga kama ngoma. Na unapogeuka mwisho wa tuta, zima PTO kabla ya kunyanyua, krosi hazipendi kukunjwa zikizunguka. Baada ya hapo kama bado inasimama, kata kiuno, na mie nitakuja kushika magogo.

#49 Fundi Mlango Chuma
Kabla ya kukata kiuno atazame uhuru wa pedali. Kama pedali haina nafasi ya kucheza juu, rilisi beringi, ile beringi inayosukuma klachi, inakandamiza muda wote na pleti haishiki sawa sawa. Hiyo ni kazi ya spana mbili. Nimesema hivyo kwa uadilifu tu, msimamo wangu uko pale pale.

#50 Mwana wa Konde
Ahsanteni nyote. Pedali ina uhuru kidogo sana, kama unene wa sarafu. Sijui hiyo ni sawa au siyo, nimeongeza nitaona.

Visu nimegeuza vitano, cha sita bolti imekataa, nimeitia dizeli ilale nayo. Sili nimeagiza Dar, inakuja na boti. Lakini hapa ninapoandika mvua imeanza, nimelifunika trekta kwa turubai la karafuu na jirani yangu nimeshamwambia anikodishe ng'ombe wake wawili kwa lile konde la juu.

#51 Bluu Daima
Ng'ombe hana pitio.

#52 Mama Mpunga
Anayo. Ila inatoa samadi tu.